Lumbesa ya Fremu: Mhadhara Kuhusu Upimaji wa Haki wa Kadi za Michoro



Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza masharti ambayo jaribio la kupima utendaji wa kadi ya michoro linapaswa kuyatimiza ili matokeo yake yaitwe ya haki. Kadi ya michoro ni kifaa kilichomo ndani ya kompyuta ambacho hupokea kutoka kwa kichakataji kikuu maelezo ya maumbo, rangi na mwanga, kikayageuza kuwa pikseli, yaani vitone vidogo vinavyojenga picha kwenye skrini. Picha nzima moja iliyokamilika huitwa fremu, na fremu zinapofuatana kwa kasi ya kutosha jicho huziona kuwa ni mwendo. Kwa kuwa hesabu za namna hiyo ni nyingi mno na zinafanana, kadi hizi zimekuwa pia, hasa tangu Nvidia ilipotoa mfumo wake wa CUDA mwaka 2007, mitambo ya hesabu za kisayansi na ya kufunza programu za akili mnemba, hata chuo kisichokuwa na mchezaji gemu hata mmoja hujikuta leo kikiagiza kadi hizo na kulazimika kuchagua kati ya mbili zinazonadiwa kwa namba.

Anayeifahamu biashara ya mazao nchini Tanzania anaifahamu lumbesa: gunia linalojazwa mpaka mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu yake, huku bei ikibaki ya gunia moja. Mkulima hadanganywi kuhusu idadi, kwa kuwa magunia kumi huwa kumi kweli. Anapunjwa kwa sababu neno gunia limeachwa bila mpaka, na ndiyo maana Wakala wa Vipimo husisitiza kwamba mazao yauzwe kwa mizani badala ya kwa jicho. Fremu kwa sekunde, kipimo kinachotajwa kuliko vyote katika biashara ya kadi za michoro, ni gunia la namna hiyo. Fremu mia moja ni mia moja, lakini zimechorwa kwa ubora gani, kwenye chumba chenye joto gani, zikilishwa na kichakataji kipi, na je, zote zimechorwa kweli? Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba haki ya kipimo imo katika masharti yanayoandikwa pamoja na namba, na kwamba namba isiyo na masharti hayo haifai kulinganishwa na namba nyingine yoyote.

1. Kujua kilicho mezani

Sharti la kwanza linaonekana la kitoto, nalo ndilo linaloangusha wengi: anayepima lazima ajue anapima nini. Jina lililochapwa kwenye boksi halitoshi. Kadi ya GeForce GT 1030, ambayo kwa bei yake nafuu imeingia katika kompyuta nyingi za ofisini zilizofanyiwa ukarabati, ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya aina ya GDDR5, na mwaka uliofuata ikatolewa nyingine yenye jina lilelile lakini yenye kumbukumbu ya DDR4. Ya kwanza inaweza kupitisha data gigabaiti 48 kwa sekunde, ya pili takriban 17. Vivyo hivyo GTX 1060 ya gigabaiti 3 iliyotolewa mwaka 2016 haikupungukiwa kumbukumbu tu kuliko ndugu yake ya gigabaiti 6, bali ilikuwa pia na viini 1,152 vya hesabu badala ya 1,280. Kwa upande wa kompyuta mpakato hali ni ngumu zaidi, kwa sababu RTX 4060 ya mpakato inaruhusiwa na mtengenezaji kupewa umeme wa kuanzia wati 35 hadi wati 115 kwa kadiri kampuni inayounda mpakato itakavyoamua, na stika inayobandikwa pembeni ya kibodi ni ileile.

Zipo pia kadi za bandia, yaani kadi kuukuu ambazo programu yake ya ndani imeandikwa upya ili ijitambulishe kwa kompyuta kwa jina la kadi mpya. Tatizo hilo lilikua kiasi kwamba mwaka 2018 programu ya GPU-Z, inayotumika kusomea vitambulisho vya kadi, iliongezewa uwezo wa kuonya pale chipu iliyomo isipolingana na jina linalotajwa.

Lakini mfano unaofundisha zaidi hauhusu bandia, bali kadi halisi. GTX 970 iliuzwa kuanzia Septemba 2014 kama kadi ya gigabaiti 4, ikapimwa na wakaguzi wa dunia nzima na kusifiwa. Ilipofika Januari 2015 ilibainika kwamba kumbukumbu hiyo imegawanyika: gigabaiti 3.5 zilikuwa za kasi kamili, nusu gigabaiti iliyobaki ilikuwa ya mwendo wa taratibu, na baadhi ya takwimu za chipu walizopewa wakaguzi hazikuwa sahihi. Mwaka 2016 Nvidia ilikubali kumaliza kesi iliyofunguliwa Marekani kwa kuwalipa wanunuzi dola 30 kwa kila kadi. La kujiuliza, ndugu wasikilizaji, ni kwa nini vipimo vyote vile vya mwanzo havikuliona jambo hilo, na jibu ni kwamba karibu hakuna jaribio lililoijaza kumbukumbu ile mpaka ukingoni. Ndoo iliyotoboka karibu na mdomo haivuji ikitiwa maji nusu.

2. Kadi haifanyi kazi peke yake

Kila fremu huanza kwa kichakataji kikuu, ambacho huhesabu nani yuko wapi na nini kimegongana na nini, kisha kikaiagiza kadi ichore. Kichakataji kikiwa cha polepole, kadi hukaa ikisubiri maagizo, na anayedhani anaipima kadi huwa anapima kichakataji. Njia ya kulitambua hilo ni rahisi, nayo ni kuongeza kazi ya kadi pekee bila kugusa kazi ya kichakataji. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na ya 3840 kwa 2160 ina 8,294,400, yaani mara nne kamili. Ikiwa fremu kwa sekunde hazipungui hata baada ya kuhamia kwenye hiyo kubwa, basi kadi haikuwa imefikishwa kwenye mwisho wa nguvu zake, na matokeo ya skrini ndogo hayasemi lolote kuhusu kadi hiyo.

Kwa sababu hiyo wapimaji huzoea kuziweka kadi zote kwenye kompyuta yenye kichakataji chenye nguvu kuliko vyote walivyonavyo, ili kizingiti kibaki kwenye kadi. Utaratibu huo ni sahihi kwa swali linalouliza kadi ipi ina nguvu zaidi, lakini mnunuzi mara nyingi ana swali jingine, ambalo ni kadi ipi itafanya vizuri zaidi ndani ya mashine aliyonayo nyumbani. Maswali hayo mawili yaliachana hadharani mwanzoni mwa mwaka 2025. Desemba 2024 Intel ilikuwa imetoa kadi ya Arc B580 kwa dola 249, na vipimo vilivyofanywa kwenye vichakataji vipya viliipa sifa kubwa kwa bei hiyo. Wiki chache baadaye wapimaji walioihamishia kwenye vichakataji vya miaka ya nyuma walikuta kwamba katika baadhi ya gemu sehemu kubwa ya faida yake inayeyuka, ilhali kadi shindani hazikuathirika kwa kiwango hicho. Sababu ilikuwa kiendeshi, yaani programu inayoifanya kadi na mfumo wa kompyuta vielewane, ambacho kwa upande wa Intel kilikula muda mwingi wa kichakataji kuliko vya wenzake. Hakuna aliyedanganya hapo. Kadi ya bei nafuu ilipimwa kwenye mashine ya bei ghali, na wengi wa wanaonunua kadi za bei hiyo hawana mashine za namna ile. Katika masoko ya Afrika Mashariki, ambako kadi mpya huwekwa mara nyingi ndani ya kompyuta ya mtumba iliyostaafishwa na ofisi, jaribio lisilo na safu ya kichakataji cha zamani ni jaribio lisilomhusu mnunuzi.

3. Joto na umeme

Kadi za zamani zilifanya kazi kwa kasi moja iliyowekwa kiwandani. Tangu Nvidia ilipotoa GTX 680 mwezi Machi 2012, kadi zimezoea kujipandishia kasi zenyewe zinapokuwa baridi na zenye umeme wa akiba, na kujishusha joto linapozidi, maana yake kasi ya kadi si namba moja tena. AMD, mshindani wa Nvidia, ilikutana na matokeo ya jambo hilo mwaka 2013 ilipotoa Radeon R9 290X, iliyoruhusiwa kupanda hadi nyuzi joto 95 huku feni yake ikiwekewa kikomo. Baadhi ya kadi zilizonunuliwa madukani zilionekana kwenda polepole kuliko zile zilizotumwa kwa wakaguzi, kwa kuwa asilimia ileile ya feni ilizaa mizunguko tofauti kutoka kadi moja hadi nyingine. AMD ilitoa kiendeshi kipya kilichoipa feni idadi ya mizunguko badala ya asilimia.

Mambo mawili yanafuata. La kwanza ni kwamba kadi ipashwe moto kabla ya kupimwa, kwa kufanyishwa kazi nzito dakika 15 au 20 mpaka joto na kasi yake vitulie, kwa sababu jaribio la dakika moja lililoanza kadi ikiwa baridi hupima ule ukarimu wa mwanzo ambao mtumiaji hataupata tena jioni nzima. La pili ni kwamba joto la chumba liandikwe. Maabara yenye kiyoyozi kilichowekwa kwenye nyuzi 21 na fremu ya duka yenye nyuzi 31 ni mazingira mawili tofauti, na zile nyuzi kumi haziishii ukutani: hewa ya moto ndiyo inayopulizwa na feni kwenye kipoozeo, kwa hiyo kadi huanza safari yake ikiwa tayari imechoka. (Na wauza maduka waliomo ukumbini wanajua kwamba neno fremu lina maana nyingine kwao, ya chumba cha duka chenyewe; mhadhara unaomba radhi kwa mgongano huo.)

Kuhusu umeme, itoshe kusema kwamba upimwe kwenye njia zote zinazoulisha mwili wa kadi badala ya kusomwa kwenye programu pekee. Tundu la ubao mama ambamo kadi huchomekwa limekusudiwa kutoa wati 75. Mwaka 2016 wapimaji waliokuwa na vifaa vya kupima kila njia peke yake ndio waliogundua kwamba Radeon RX 480 inavuka kiwango hicho, na AMD ikalirekebisha kwa kiendeshi kipya ndani ya siku chache.

4. Kazi iliyofanywa iwe ni ileile

Hapa ndipo moyo wa suala ulipo, na wasikilizaji wanaombwa subira kidogo, kwa kuwa visa viwili vitasimuliwa kwa urefu.

Oktoba 2001 Radeon 8500 ya ATI ilikuwa mpya sokoni. ATI ilikuwa kampuni ya Kanada, kabla ya kununuliwa na AMD mwaka 2006. Gemu lililotumiwa na karibu kila mpimaji wakati huo lilikuwa Quake III. Wachunguzi walilichukua faili la kuendeshea gemu hilo, wakabadilisha jina lake kutoka Quake likawa Quack, wasiguse chochote kingine, wakapima tena. Kasi ilishuka, na picha ikawa nzuri zaidi. Kiendeshi kilikuwa kikilitafuta jina la faili, na kilipolikuta kilipunguza ubora wa baadhi ya picha zinazovalishwa kuta na vitu ili namba ipande. Kisa kina kipande cha pili ambacho husahaulika: kiendeshi kilichofuata kilirudisha ubora wa picha na kasi ikabaki juu, maana yake kadi ilikuwa na uwezo huo tangu mwanzo, na aibu yote ilikuwa ya bure.

Kisa cha pili ni cha mwaka 2003 na kina uzito mkubwa zaidi. Kampuni ya Futuremark ya Finland ilitoa mwezi Februari programu ya kupimia iitwayo 3DMark03, ambayo haikuwa gemu bali mfululizo wa mandhari zilizotengenezwa kwa kazi ya kupima tu, kamera ikipita kwenye njia ileile kila mara kama garimoshi juu ya reli. Nvidia, ambayo wakati huo haikuwa tena mwanachama wa mpango wa Futuremark wa ushauri, iliikosoa programu hiyo kwamba haifanani na gemu halisi. Mwezi Mei wachunguzi waliokuwa na toleo la watengenezaji, ambalo huruhusu kamera kuondolewa kwenye reli yake na kuzungushwa kokote, waliigeuza kamera upande ambao jaribio la kawaida haliuonyeshi kamwe. Walichokiona kwenye kadi za GeForce FX za Nvidia ni mandhari iliyokatwa kama kwa kisu: vitu vilivyopaswa kuwepo havikuwepo, na mahali pengine picha ya zamani haikufutwa kabla ya mpya kuchorwa, hivyo mabaki ya fremu zilizopita yalizagaa. Kiendeshi kilikuwa kinaijua njia ya kamera tangu mwanzo hadi mwisho, kikaacha kuchora chochote ambacho kamera isingekiona.

Futuremark ilitoa toleo lililozuia ujanja huo, na alama za GeForce FX 5900 Ultra zikashuka kwa asilimia 24.1. Radeon 9800 Pro ya ATI nayo ilishuka, kwa asilimia 1.9 tu. ATI ilikiri kwamba ilikuwa imezipanga upya amri za baadhi ya sheda, yaani programu ndogo zinazoamua rangi na mwanga wa kila pikseli, ikasema matokeo ya hesabu yalibaki yaleyale, na kwamba hata hivyo ingeuondoa mpangilio huo. Mapema Juni Futuremark na Nvidia zilitoa tamko la pamoja lililolegeza neno udanganyifu na kuliita jambo hilo uboreshaji uliolenga programu moja.

Mhadhara huu hauoni sababu ya kukubali ulegezaji huo, lakini unaona mantiki iliyokuwa nyuma yake, kwa sababu mpaka kati ya uboreshaji na ulaghai haujichori wenyewe. Kupanga upya amri ili kadi izimalize mapema, huku pikseli ya mwisho ikitoka na rangi ileile, ni kazi halali ya mwandishi wa kiendeshi, nayo inamfaidi mtumiaji wa gemu. Kuacha kuchora upande ambao kamera haitageukia kunahitaji kujua kwamba kamera haitageuka, na ujuzi huo upo katika jaribio pekee. Mchezaji akiwa na kipanya mkononi hageuki kwa ruhusa ya kiwanda. Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja: je, ujanja huu ungefanya kazi kama mtu angecheza anavyotaka? Jibu likiwa hapana, basi ujanja haukuongeza kasi ya kadi, uliongeza namba.

Masharti yanayotokana na visa hivyo viwili ni ya vitendo. Kila kadi ipewe ubora uleule wa picha, uliothibitishwa kwa kulinganisha fremu zilizohifadhiwa na si kwa kutazama menyu ya mipangilio. Njia ya jaribio ibadilishwe mara kwa mara, na sehemu yake moja isitangazwe mapema. Gemu lipimwe mahali panapochezwa kweli na si katika onyesho la kupimia lililofungashwa ndani yake pekee. Toleo la kiendeshi na la gemu yaandikwe kwa namba zake kamili, kwa sababu kiendeshi cha mwezi ujao kinaweza kuleta kadi nyingine kabisa ndani ya boksi lilelile. Na jina la faili libadilishwe siku mojamoja, ili kuona kitakachotokea.

5. Wastani unaoficha

Chukulia sekunde moja ambayo ndani yake kadi imechora fremu 60. Kama fremu 59 zilichukua milisekunde 10 kila moja na moja ikachukua milisekunde 410, jumla ni milisekunde 1,000 na wastani ni fremu 60 kwa sekunde, namba ambayo ingechapishwa bila wasiwasi. Mchezaji lakini ameganda karibu nusu sekunde, na katika gemu la kupigana amekwisha kufa. Jambo hili lilikuwa likihisiwa mikononi kwa miaka mingi bila kuonekana kwenye majedwali, mpaka Septemba 2011 Scott Wasson wa The Tech Report alipochapisha makala yaliyopima muda wa kila fremu badala ya kuhesabu fremu za kila sekunde. Uchunguzi uliofuata mwaka 2013 ulionyesha kwamba kompyuta zenye kadi mbili za AMD zilizounganishwa zilitoa fremu nyingine nyembamba kama uzi, mistari michache tu juu ya skrini, ambazo zilihesabiwa kuwa fremu nzima. Agosti mwaka huo AMD ikatoa kiendeshi cha kuzipanga vizuri zaidi.

Leo programu kama PresentMon, iliyotolewa na Intel kwa msimbo huria, huandika muda wa kila fremu, na wapimaji huongeza juu ya wastani ile iitwayo asilimia 1 ya chini. Maelezo yake yanahitaji tahadhari. Dakika moja yenye fremu 60 kwa sekunde ina fremu 3,600, na asilimia 1 yake ni fremu 36 zilizochelewa kuliko zote. Mpimaji mmoja hutaja mpaka unaozitenga hizo 36 na nyingine, mwingine hutaja wastani wa hizo 36 zenyewe, na namba mbili zenye jina moja huwekwa katika mjadala mmoja kana kwamba ni kitu kimoja.

Upo wastani wa pili wenye hatari, nao ni ule wa kujumlisha gemu mbalimbali. Mfano wa kubuni unatosha. Kadi ya kwanza inatoa fremu 240 katika gemu jepesi na 40 katika gemu zito. Kadi ya pili inatoa 160 na 70. Kwa wastani wa kawaida ya kwanza inashinda, 140 dhidi ya 115, ingawa fremu 240 hazimsaidii mwenye skrini inayoonyesha 60, na 40 zinamuumiza. Mwenye duka akiamua kutumia uwiano, aifanye kadi ya kwanza kuwa msingi, atapata kwamba ya pili ina 0.67 katika gemu la kwanza na 1.75 katika la pili, wastani 1.21, yaani kadi ya pili ni bora kwa asilimia 21. Jirani yake akiifanya kadi ya pili kuwa msingi, atapata 1.5 na 0.57, wastani 1.04, yaani kadi ya kwanza ndiyo bora kwa asilimia 4. Hakuna kati yao aliyekosea kujumlisha, na kila mmoja anaweza kumwonyesha mteja kikokotoo chake. Philip Fleming na John Wallace walilieleza tatizo hili mwaka 1986 katika makala yanayosomwa mpaka leo, wakashauri kwamba uwiano ujumlishwe kwa wastani wa kijiometri, unaopatikana kwa kuzidisha thamani na kutafuta kipeuo cha idadi yake badala ya kuzijumlisha na kugawanya. Kwa njia hiyo kadi ya pili inashinda kwa asilimia 8, na inashinda kwa kiasi hichohicho vyovyote msingi utakavyochaguliwa.

Kuhusu marudio, neno ni fupi. Kila jaribio lirudiwe angalau mara tatu, mzunguko wa kwanza ukitupwa kwa kuwa gemu nyingi huandaa sheda zake humo, na tofauti kati ya mizunguko ichapishwe. Kadi zikipishana kwa asilimia 2 ilhali kadi moja hupishana na nafsi yake kwa asilimia 3, hakuna mshindi wa kutangazwa.

6. Nani aliyepima

Mwamba ngoma huvutia kwake, na mtengenezaji wa kadi anayechapisha vipimo vya kadi yake hapaswi kulaumiwa kwa kuvuta ngozi upande wake, mradi msomaji ajue nani ameishika. Januari 2025 Nvidia ilitangaza kwamba RTX 5070 ya dola 549 ingetoa utendaji wa RTX 4090, kadi iliyozinduliwa kwa dola 1,599. Tangazo hilo lilitegemea teknolojia ya kubuni fremu: kwa kila fremu moja iliyochorwa na gemu, kadi za kizazi hicho zinaweza kuingiza hadi fremu tatu ambazo gemu halikuzichora, zilizokisiwa na mtandao wa neva kutokana na zilizotangulia na kufuata. Bila msaada huo kadi hizo mbili hazikaribiani.

Fremu ya kubuniwa si ya uongo kwa jicho, kwani mwendo huonekana laini kweli. Mkono ndio unaojua tofauti. Kadi inayochora fremu 30 na kuonyesha 120 hubadilisha picha kila milisekunde 8 hivi, lakini gemu lenyewe husikiliza kipanya na kujibu kwa mwendo wa zile 30, kila baada ya milisekunde 33, na kuchelewa kidogo zaidi kwa sababu fremu mbili za kweli zinahitajika kabla ya za katikati kukisiwa.

Namna ya kuzihesabu fremu hizo za kubuniwa ndilo swali ambalo upimaji wa miaka inayokuja utalazimika kulijibu. Majedwali yatahitaji safu mbili mahali palipokuwa na moja, ya fremu zilizochorwa na ya fremu zilizoonyeshwa, na ya tatu ya muda unaopita kati ya kubofya na kuona. Ubora wa picha, ambao mwaka 2003 ungeweza kuthibitishwa kwa kulinganisha pikseli kwa pikseli, hauthibitiki tena kwa njia hiyo pale kila kampuni inapokisia pikseli kwa mtandao wake, na vipimo vya jicho la mwanadamu, vyenye watazamaji wengi wasioambiwa wanatazama kadi gani, vitahitaji kurudi. Katika fani ya akili mnemba mfano mmoja umekwisha kuwekwa: mashindano ya MLPerf, yaliyoanza mwaka 2018, yana kundi lililofungwa ambamo wote lazima wafanye kazi ileile kwa modeli ileile, na kundi huru ambamo ubunifu unaruhusiwa, na matokeo hupitiwa na washindani wenyewe kabla ya kuchapishwa. Hakuna kitu kinachozuia utaratibu huo kuigwa kwenye michoro.

Vyuo vya Afrika Mashariki vina nafasi yao katika kazi hiyo, na nafasi hiyo haihitaji kadi za bei ya gari. Tangu Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za michoro, kadi nyingi zilizochoka ziliingia katika biashara ya mitumba duniani, na hali yake baada ya miaka ya kufanya kazi mchana na usiku ni jambo linalomhusu mnunuzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala kuliko linavyomhusu mkaguzi anayetumiwa kadi mpya kwa boksi. Mwanzo unaweza kufanywa na kadi zilizokwisha kuwamo katika maabara za wanafunzi: kuzipima mwezi Januari na kuzipima tena mwezi Julai, kwenye chumba kilekile kisicho na kiyoyozi, kwa kiendeshi kilekile, na kuchapisha namba zote mbili pamoja na joto la siku zile.